Nobu au kitufe cha jakuzi kimekwama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa zaidi na wenye nyumba za wageni na apatimenti za kupangisha ukanda wa pwani, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam na Unguja. Huko jakuzi hukaa wiki nzima bila mtu, mgeni anafika Ijumaa jioni, kitufe hakibonyei. Majibu yanahusu jakuzi za ndani, yale mabeseni ya akriliki yenye jeti (vitundu vinavyorusha maji kwa nguvu) ubavuni na pampu chini yake. Mabwawa madogo ya nje yanayopashwa moto muda wote yana mambo yake.

Nitajuaje ni sehemu gani iliyokwama?

Kwenye ukingo wa beseni kwa kawaida kuna vitu viwili au vitatu vinavyofanana sura, vyote vinang'aa kromu, na watu huviita vyote "kitufe". Kazi zake hazifanani.

Kinachobonyea na kurudi juu ni kitufe cha hewa. Hicho ndicho kinachowasha na kuzima pampu. Kinachozunguka robo au nusu duara ni nobu ya hewa. Hiyo haihusiani na pampu hata kidogo. Inafungua na kuziba tundu ambalo hewa hupitia ili ichanganyike na maji yanayotoka kwenye jeti. Kama kuna nobu nyingine yenye picha ya bomba na manyunyu, hiyo ni ya kuchagua maji ya kujazia yatokee wapi. Jeti zenyewe nazo, nyingi zina uso unaozunguka ili kupunguza au kuziba maji, na uso huo hukwama kuliko kitu kingine chochote.

Bonyeza, zungusha, sikiliza. Ukishajua ni kipi kati ya hivyo, nusu ya kazi imekwisha.

Nikishika kitufe kibovu naweza kupigwa shoti?

Kitufe cha hewa hakina waya. Chini yake kuna kifuko cha mpira. Ukibonyeza, pumzi ya hewa husukumwa ndani ya mrija mwembamba wa plastiki mpaka kwenye swichi iliyoko karibu na pampu. Umeme unaishia huko. Watengenezaji walichagua hewa kwa makusudi ili mtu aliyelowa asikaribiane na waya.

Hatari iko chini ya beseni. Kabla ya kufungua mlango wa pampu, ule ulio ubavuni chini ya beseni, zima breka ya jakuzi, au meni swichi kama hujui breka ni ipi. Chomoa plagi kama ipo, toa maji yote, kausha mikono. Na kama nyumba haina breka ya uvujaji wa umeme, ile yenye kitufe kidogo cha majaribio na maandishi ya 30 mA, anza na hiyo kabla hujahangaika na nobu. Volti 230 na maji ya kuogea havina mjadala.

Kitufe kimezama, hakirudi juu. Nifanye nini?

Mara nyingi ni sabuni iliyoganda pamoja na chumvi ya maji kwenye ule mwanya mwembamba unaozunguka kitufe. Changanya siki nyeupe na maji ya uvuguvugu nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kizungushie kitufe na ukiache kama saa moja. Kisha bonyeza polepole, mara nyingi, huku ukiongeza matone ya mchanganyiko ule ule. Kikianza kupanda, suuza kwa maji safi na pitisha mswaki laini kwenye mwanya.

Usikichokonoe kwa bisibisi. Kromu hiyo imepakwa juu ya plastiki, na ikishamenyuka itakukata kidole kila ukibonyeza. Akriliki nayo huchubuka, na mchubuko wake huonekana kutoka mlangoni.

Kama kinapanda lakini kinalegea kama hakina nguvu, kifuko cha mpira kimechoka. Hakitengenezwi. Nunua kitufe kizima, maana kazi yenyewe ni kufungua nati moja kwa chini, kuvuta mrija na kuchomeka kipya.

Kitufe kinabonyea vizuri, lakini pampu haiwaki. Tatizo liko wapi?

Hapa watu wengi hununua pampu mpya bure. Swichi ya hewa hulia "tak" inapobadilika, na mlio huo hautegemei umeme. Kwa hiyo uchunguzi wote unafanyika umeme ukiwa umezimwa, na hiyo ni bahati kubwa.

Fungua mlango wa pampu. Mtu mmoja abonyeze kitufe juu, mwingine asikilize chini. Ukisikia "tak" kila mara, basi kitufe, mrija na hiyo swichi kwa upande wa hewa viko sawa. Shida iko kwenye umeme au pampu yenyewe, na hapo mwite fundi umeme.

Usiposikia kitu, fuata mrija kwa macho na vidole tangu juu hadi chini. Mara nyingi utaukuta umechomoka, hasa kama kuna mtu alisukuma ndoo na mopu chini ya beseni. Wakati mwingine umekunjika, umepasuka kwenye kona, au panya ameula. Matone ya maji ndani yake pia hupunguza ile pumzi: uchomoe pande zote mbili, upulize, uuache ukauke.

Mrija ukiwa mzima, uchomoe upande wa kitufe uuache umeunganishwa na swichi, kisha pulizia kwa mdomo pumzi fupi. Ikilia, kitufe ndicho kibovu. Isipolia, swichi ndiyo imekufa. Unaweza kurudia mara kadhaa. Haiharibiki kwa kupuliziwa.

Mrija wenyewe haukupi taabu. Mrija wa pampu ya hewa ya samaki wa mapambo mara nyingi una kipenyo kinachofaa, almradi uwe unabana barabara kwenye vidomo vyote viwili. Kata kipande cha ule wa zamani uende nacho dukani.

Pampu imejiwasha yenyewe usiku, hakuna mtu bafuni. Kitufe kimekwama?

Hapana. Swichi ya hewa ya kawaida hukumbuka pale ilipoachwa. Umeme ukikatika wakati jakuzi inafanya kazi, au umeme wa LUKU, wa kulipia kabla, ukiisha, pampu husimama lakini swichi imebaki upande wa kuwaka. Mgeni anatoa maji, anakwenda kulala. Umeme unarudi saa nane usiku, na pampu inazunguka ndani ya beseni tupu.

Huko ndiko pampu nyingi za huku kwetu zinakofia. Kile kizibo kinachozuia maji kwenye mhimili wa pampu hupozwa na maji yale yale. Bila maji huungua, na kuanzia hapo beseni linavuja kwa chini. Wafundishe wageni na watunza nyumba kuzima kwenye breka kila umeme unapokatika katikati ya kuoga. Bandiko dogo ukutani linatosha.

Zipo jakuzi zenye kihisi cha kina cha maji, ambazo hazikubali kuwaka zikiwa tupu. Kihisi hicho kikipata ukoko hukataa hata beseni likiwa limejaa, na watu hulaumu kitufe. Kifute kwa kitambaa chenye siki kabla ya kufungua kitu chochote.

Nobu ya hewa haizunguki kabisa. Nitaifunguaje bila kuivunja?

Kwanza elewa imetengenezwaje. Kofia unayoishika ni pambo tu. Chini yake kuna bomba fupi la plastiki lenye tundu ubavuni, limeingia ndani ya bomba jingine lenye tundu kama hilo. Ukizungusha, matundu mawili yanakutana na hewa inapita, ukirudisha yanaachana. Kati ya mabomba hayo kuna oringi, yaani pete ya mpira ya kuziba, moja au mbili. Hakuna gia wala springi.

Kofia nyingi hutoka kwa kuvutwa moja kwa moja juu. Zungushia kitambaa, shika kwa vidole vya mikono miwili, vuta huku ukiitikisa taratibu. Kama ina kijiskrubu kidogo ubavuni, au kifuniko cha mapambo katikati kinachoficha skrubu, anza na hicho. Plaisi isiguse kofia bila kitambaa kinene.

Ikishatoka, tazama ndani kwa tochi ya simu. Utaona duara jeupe lililogandia kwenye mdomo wa bomba, gumu, lenye chembe kama sukari guru iliyosagwa, na mara nyingi nywele zimenaswa humo. Mimina siki ya uvuguvugu, isiwe ya moto wa kuchemka, ijae mpaka mdomoni, na uiache. Itatoa mapovu. Mapovu yakiisha na ukoko bado upo, nyonya kwa kitambaa, mimina nyingine. Kwa jakuzi iliyotelekezwa mwaka mzima, acha usiku kucha.

Kisha jaribu kuzungusha lile bomba la ndani, kushoto na kulia, milimita chache chache. Likikubali, usikimbilie kulizungusha lote. Endelea na mwendo mfupi huku ukiongeza siki, maana chembe zilizobaki zitakwangua oringi. Likilegea, livute nje. Litie alama kwa kalamu ya kudumu pale linapolingana na ukingo, ili ulirudishe upande huo huo.

Oringi utaikuta imebonyea, imekuwa bapa upande mmoja na pengine ina mipasuko midogo. Badilisha tu, hata kama inaonekana inafaa. Ni kitu cha bei ndogo. Safisha kila upande kwa mswaki, kausha, paka grisi ya silikoni utando mwembamba unaoonekana kung'aa tu, rudisha.

Lisipotoka hata baada ya usiku mzima, nobu nzima imeshikwa na nati chini ya ukingo. Hapo utahitaji mlango wa pampu, na mtu mwenye mkono mwembamba.

Nobu imekwama ikiwa wazi. Naweza kuendelea kutumia jakuzi?

Ndiyo. Hewa itaingia muda wote, jeti zitapiga kwa nguvu, na maji yatapoa haraka kwa sababu hewa ya chumbani inapita ndani yake. Ikikwama ikiwa imefungwa, jeti zitatoa maji bila mapovu, laini tu. Hakuna hatari kwa pampu kwa namna zote mbili.

Kwa nini inakwama mara kwa mara?

Maji. Visima vingi vya pwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa, na maji yakipita humo hubeba kalisi iliyoyeyuka. Yakipashwa moto au yakikauka, ile chokaa hubaki. Ndiyo ule ukoko mweupe ulioko ndani ya jagi lako la umeme. Kwenye jakuzi hali ni mbaya zaidi kwa sababu kila baada ya kuoga tone moja hubaki kwenye mwanya wa nobu na kukauka hapo hapo.

Kinachoongeza ni mafuta ya kuogea, povu la sabuni na chumvi za kuogea zenye rangi. Hivi ndivyo vinavyoufanya ukoko unate. Kama ni nyumba ya wageni, ondoa chupa za sabuni ya povu kando ya jakuzi. Mgeni akizikuta atazimimina, na akiwasha jeti povu litafika kwenye korido.

Nyumba yenye maji ya bomba na ya kisima kwa pamoja ijaze jakuzi kwa maji ya bomba. Na mtunza nyumba azungushe nobu zote na kubonyeza kitufe mara mbili anapofagia, hata kama hakuna aliyelala humo.

Nipake nini ili iteleze? Mafuta ya kupikia? Vaseline?

Grisi ya silikoni peke yake, ile wanayotumia mafundi bomba kwenye koki. Mafuta ya kupikia huganda na kunuka. Vaseline, grisi ya gari na mafuta mengine ya petroli huvimbisha aina nyingi za mpira. Nobu itateleza wiki moja kisha itakaza kuliko mwanzo.

Asetoni, petroli na tina visikaribie beseni. Akriliki hupata nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui, na hazitoki tena.

Siki ni polepole. Naweza kutumia dawa ya kusafishia choo, au jiki?

Dawa kali za choo zina asidi inayokula kromu. Jiki haiyeyushi chokaa, kwa hiyo haitakusaidia na ukoko. Na kuchanganya jiki na siki, au jiki na dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya klorini, ndani ya bafu dogo lisilo na dirisha. Usifanye. Kama umeshatumia mojawapo, suuza kwa maji mengi na usiguse nyingine siku hiyo.

Mbadala wa siki ni juisi ya ndimu au unga wa asidi ya sitriki uliokorogwa kwenye maji ya uvuguvugu. Unafanya kazi ile ile na harufu yake inavumilika.

Nobu inazunguka bila kikomo na hakuna kinachobadilika.

Meno ya ndani ya kofia yamelika. Hili hutokea baada ya mtu kulazimisha nobu iliyokwama, kwa hiyo usiishie kwenye kofia: shughulikia ukoko kwanza. Kwa muda, zungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba raundi mbili tatu kwenye meno ya bomba la ndani, kisha bana kofia juu yake. Itashika mpaka upate kofia mpya.

Maji yanaruka kutoka kwenye nobu ya hewa ninapowasha.

Angalia jeti kabla ya nobu. Jeti zikizibwa kwa ukoko, mchanga wa ujenzi, au zikiwa zimefungwa zote, maji hukosa njia na kurudi kwenye bomba la hewa. Fungua nyuso za jeti, nyingi hutoka kwa kuzungushwa kinyume cha saa mpaka ziachie. Loweka kwenye siki, zirudishe zikiwa wazi.

Wakati uko hapo, kagua kifuniko cha tundu la kunyonya maji, lile pana lenye vitundu karibu na sakafu ya beseni. Kikipasuka au kikikosekana, jakuzi isiwashwe mpaka kipatikane. Pampu hunyonya nywele za mtu, na mtoto hawezi kujinasua.

Hakuna mlango wa pampu. Fundi alijengea marumaru pande zote.

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko nobu zote zilizowahi kukwama. Pampu ya kwanza ya aina hii, ya familia ya Jacuzzi huko California mwaka 1956, ilikuwa ya kubebeka: unaitumbukiza kwenye beseni la kawaida, ukimaliza unaitoa. Mwaka 1968 Roy Jacuzzi alileta beseni lenye jeti zake ndani ya ubavu. Tangu hapo kila kitu kimehamia chini, mahali pasipoonekana, na fundi marumaru anayetaka ukuta wake upendeze hukizika kaburini.

Hakuna ujanja wa kuepuka kuvunja. Gonga marumaru za upande mpaka usikie pampu iko upande gani. Kwa kawaida ni karibu na tundu la kunyonya. Beseni likiwa limejaa maji, washa jeti sekunde chache na ushike ukuta kwa kiganja: panapotetemeka zaidi ndipo. Mwambie fundi atoe marumaru chache upande huo kwa grainda, pakiwa na upana wa kuingiza mabega, na aweke mlango wa alumini wenye matundu ya hewa, kwa kuwa mota inahitaji kupumua.

Ukiwa bado unajenga, usimlipe fundi salio mpaka akufungulie mlango huo mbele yako.

Paneli ya kugusa haisikii, au inajibonyeza yenyewe.

Zima kwenye breka, subiri dakika kumi, washa tena. Isipobadilika, futa uso wake mpaka ukauke kabisa: unyevu huhesabika kama kidole. Kama maji yameshaingia nyuma ya kioo utaona ukungu ndani. Kuna wanaofanikiwa kwa kuitoa na kuikausha kwa feni siku nzima, lakini mara nyingi ubao wake wa saketi umeshaota kutu ya kijani. Badilisha paneli, na uzibe ukingo kwa silikoni.

Nobu ya kuchagua bomba au manyunyu imekwama.

Funga koki kuu ya maji kwanza. Ndani kuna katriji, kile kiini kinachogeuza njia ya maji. Inatolewa kwa kufungua kofia na nati, mara nyingi kwa spana ya pembe sita. Loweka, na ikikataa nunua nyingine.

Jakuzi yangu ya zamani ina saa ya kuzungusha ukutani, ya kuweka muda wa pampu. Imekwama.

Usiirudishe nyuma kwa nguvu. Hiyo ina gia, na ina umeme. Kazi ya fundi umeme, na mara nyingi ni kubadilisha nzima.

Niite fundi bomba au fundi umeme?

Fundi bomba kwa nobu, jeti, katriji na uvujaji. Fundi umeme kwa swichi, saa, paneli na mota. Wa kumwepuka ni anayesema "pampu imekufa" kabla hajachomoa ule mrija na kuupuliza.

Spea nitapata wapi, na nipeleke vipimo gani?

Kariakoo kwa Dar es Salaam. Kwa Nairobi na Mombasa, maduka yanayouza mabafu yaliyoagizwa kutoka China na Dubai. Jakuzi nyingi hazina jina linaloeleweka, kwa hiyo usitegemee kutaja chapa. Peleka kilichoharibika mkononi. Usipoweza kukitoa, piga picha juu na chini ukiwa umeweka rula pembeni, na upime: kipenyo cha tundu kwenye beseni (wala si cha kofia inayoonekana), unene wa ukingo, na upana wa kidomo cha mrija. Kwa swichi ya hewa, piga picha ya maandishi yaliyo ubavuni na usome ampea zake. Mpya isiwe na ampea pungufu ya ile ya zamani. Kwa oringi, nunua tatu za saizi moja, mbili uzifunge kwenye kijifuko na kuzining'iniza ndani ya mlango wa pampu.